Gari la Namba Nyekundu

Waceke alimwona Wesonga kabla Wesonga hajamwona yeye. Wesonga alikuwa ameketi kwenye benchi la mwisho katika bustani ya Jeevanjee, upande wa ukuta, mahali wanapokaa wasiotaka kuonekana na wasio na pa kwenda. Shati lilikuwa lile lile jeupe la kazini. Nembo ya ubalozi ilikuwa imebanduliwa kifuani, na nyuzi zake zilibaki zikining'inia.

Waceke alisimama kidogo nyuma ya mpiga picha mmoja aliyekuwa akitafuta wateja. Alitaka kumtazama mara moja tu bila yeye kujua, kama alivyozoea kumtazama kupitia kioo cha duka la miwani pale Moi Avenue, akivuka barabara na visingizio vyake. Mabega yalikuwa yale yale. Shingo ndiyo iliyokuwa imezama. Polisi walimweka korokoroni kwa muda ambao hakuna aliyejali kumwambia Waceke urefu wake, wakamwachilia kwa bondi, na sasa kila asubuhi alitakiwa kwenda kuripoti kama mwanafunzi mtundu.

"Umekuja," alisema alipomwona. Aliinuka, akanyoosha mkono, halafu akaanza kuurudisha, hana hakika kama bado ana ruhusa.

Waceke aliuwahi kabla haujafika mfukoni. Mwezi wa saba Nairobi kila kitu ni baridi, lakini mkono huu ulikuwa na baridi ya mtu asiyekula.

"Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Sijakuuliza kama umekunywa."

Wesonga alitabasamu upande mmoja. "Sawa, Daktari."

Alikuwa akimwita hivyo tangu siku ya kwanza, ingawa Waceke hakuwa daktari wa chochote, kazi yake ilikuwa kukaza skrubu za miwani na kupima umbali wa macho ya watu. Kusikia jina hilo tena kulimchoma. Akafungua mkoba, akatoa chapati alizofunga kwenye karatasi, akamwekea mapajani. Wakakaa. Upande wa pili wa bustani mhubiri alikuwa akiombea wagonjwa kwa kipaza sauti kibovu, na kwa mara ya kwanza Waceke alifurahia ile kelele, maana iliwafunika.

Wesonga alikuwa dereva wa ubalozi wa nchi moja ya mbali. Kazi yake ilikuwa kumwendesha mwambata wao wa biashara, mtu mpole mwenye miwani ya dhahabu. Miwani hiyo ndiyo iliyomleta Wesonga dukani, ikiwa imevunjika mkono mmoja. Mara ya pili ililetwa imepinda. Mara ya tatu Waceke aliigeuza geuza, akamuuliza kwani huyo bosi wako hulalia uso? Wesonga akakiri kwamba aliikunja mwenyewe kwenye maegesho ili apate sababu ya kurudi. Mapenzi yao yalianzia hapo, kwa kosa dogo la kuchekesha, na yalikua haraka hadi Jumamosi moja ya Januari Wesonga akapeleka mahari kwao Waithaka, na harusi ikapangwa Agosti.

Mwezi mmoja baada ya mahari, watu wenye bunduki waliingia katika hoteli moja mjini. Waliokufa walikuwa wengi, na mmoja wao alikuwa Sammy, mpishi, kijana wa jirani aliyepakana ua na kina Waceke. Mzee Haron Njuguna, baba yake Waceke na mzee wa kanisa, ndiye aliyeomba kaburini. Wesonga alishika sepetu na vijana wa mtaa. Kisha miezi ikapita, serikali ikatangaza kwamba pesa za wale wauaji zilipitia mikononi mwa maofisa wa ubalozi ule, na jina la mwambata wa biashara likawa la kwanza. Nchi yao ikakana, ikamwita balozi wake nyumbani. Sisi tukawafukuza waliobaki, wao wakawafukuza wetu. Bendera ikashushwa na lango likatiwa mnyororo. Wenye kinga ya kidiplomasia walipanda ndege na wake zao na mbwa wao. Dereva hana kinga. Alikamatiwa pale pale uwanja wa ndege, masanduku ya bosi wake yakiwa yameshaingia ndani.

"Leo saa tisa wananipeleka kwenu," Wesonga alisema. Alikuwa amemaliza chapati moja bila kuitazama. "Nilitaka usikie kwangu kwanza."

"Kwetu kufanya nini?"

Akamweleza polepole. Kuna shahidi aliyeapa kwamba Jumamosi ile ya Januari aliona gari la namba nyekundu za ubalozi likishusha begi kwenye nyumba moja upande wa pili wa jiji, nyumba waliyolala wale wauaji. Magari ya aina ile yalikuwa kadhaa pale ubalozini. Lakini yeye ndiye aliyekuwa dereva wa mwambata, kwa hivyo wamesema ni yeye. Kitabu cha langoni, kinachoonyesha nani alitoka na gari gani, kimefungiwa ndani ya ubalozi, na polisi hawaruhusiwi kukanyaga mle. Bosi, ambaye angesema kwa neno moja kwamba siku hiyo alimpa dereva ruhusa na gari, simu yake haipatikani tena.

"Nimewaambia siku hiyo nilikuwa Waithaka kutoa mahari. Wakacheka. Wakasema hata jambazi huwa na harusi. Halafu yule mkubwa wao, Kaindi, akasema sawa, twende utuonyeshe hiyo nyumba, na hao watu watuambie."

Waceke alikuwa akiangalia njiwa wawili waking'ang'ania kipande cha chapati kilichoanguka.

"Ceke. Kuna nini?"

"Baba ameshaulizwa," alisema. "Chifu alimwita juzi. Aliuliza kama kuna gari la ubalozi liliwahi kuingia kwetu."

"Akasemaje?"

"Akasema hapana. Akasema hakujui."

Mhubiri alikuwa amenyamaza ili achukue pumzi. Wesonga aliikunja ile karatasi ya chapati, akaikunja tena, mpaka ikawa kitu kidogo kisichokunjika.

"Hanijui," alisema.

Waceke ilibidi amalizie, maana nusu ya habari ingekuwa mbaya kuliko nzima. Alimweleza kwamba Jumapili iliyopita baada ya ibada baba yake aliwaita wote waliohudhuria mahari, wajomba, shangazi Becky, binamu, akawaambia watoe simu. Picha zote za siku ile zilifutwa mbele yake, moja moja, kama watu wanaochambua mchele. Mbuzi walipelekwa kwa ndugu yake Uthiru. Lile tangi la maji, ambalo mama yake Wesonga aliuza mtamba wake Bungoma ili linunuliwe, lilimwagwa maji yote likapakiwa kwenye pikapu. Mablanketi yaligawiwa wapangaji wa ploti ya Riruta. Baba alisema hataki kitu cha pesa za damu kwake.

"Mama aliuza mtamba," Wesonga alisema taratibu. "Mtamba ana damu gani?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema nimnyamazie."

Wesonga alicheka, kicheko kisicho na furaha yoyote. Akasema mzee hana makosa. Kama yeye angekuwa na binti angefanya hivyo hivyo. Waceke akamwambia aache, asijifanye malaika mbele yake, akitaka kumtukana babake amtukane tu, ataumia lakini atasikia. Wesonga akatikisa kichwa. Kwao mtu hamtukani mkwe hata akiwa peke yake msituni.

Kuna swali Waceke alilokuwa amelibeba tangu siku ya kwanza redio ilipotangaza. Alilala nalo na kuamka nalo. Aliogopa kwamba akiliuliza atampoteza, na asipouliza ameshampoteza.

"Nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Ulijua?"

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Dereva haoni mtu, Ceke. Anaona kipande cha uso kwenye kioo. Nilijua bosi anakunywa chai bila sukari. Nilijua mtoto wake mdogo anaogopa lifti. Sammy alipokufa nilimwambia, bosi, nimefiwa na jirani wa wakwe zangu, aliuawa pale hotelini. Akanyamaza kitambo. Akasema pole sana, nenda ukazike." Alifuta macho kwa kiganja. "Akanipa siku nzima. Nikaenda kuchimba kaburi nikimshukuru. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Si korokoro. Ni kwamba nilimshukuru."

Waceke aliegemeza kichwa begani kwake. Shati lilinuka sabuni ya kipande, na chini ya sabuni, yeye mwenyewe. Alimwamini. Alitambua kwamba alikuwa amemwamini muda wote na alichohitaji ni kusikia sauti yake tu.

"Ni mimi niliyetaka hiyo gari," alisema bila kuinua kichwa.

"Usianze."

"Ni mimi. Wajomba walisema Mluhya atakuja na nduthi, pikipiki tu. Nikakwambia uje na gari litakalowafunga midomo."

"Na liliwafunga."

Wote wawili walitabasamu licha ya kila kitu, maana lilikuwa limewafunga kweli. Lile gari jeusi lilipoingia uani na namba zake nyekundu, wajomba walitoka mmoja mmoja kulizunguka kama watu wanaokagua fahali. Mjomba mmoja aliuliza kama Wesonga anafanya kazi na serikali. Mwingine akajibu kwa niaba yake, ni serikali mbili. Na baba yake Waceke, mtu asiyepigwa picha ila ya kitambulisho, aliweka mkono juu ya boneti akamwambia Sammy, aliyekuwa amekuja kusaidia kupika, hebu nipige nikiwa hapa.

Waceke alitoa simu. Alitafuta kwa muda, ndani ya faili moja iliyokuwa ndani ya nyingine, kisha akamwekea mkononi.

"Nilibakisha moja."

Picha ilikuwa safi. Baba, mkono kwenye boneti, anacheka hadi mapengo yanaonekana. Namba nyekundu chini kabisa, kila tarakimu inasomeka. Pembeni, Wesonga mwenyewe akishika beberu kwa pembe. Na mzee alikuwa amevaa koti alilotoka kupewa muda huo huo na wakwe, koti zito la kahawia, kama desturi inavyotaka baba wa binti avikwe.

Wesonga aliitazama sana. "Unakumbuka tulivyolitafuta?"

Alikumbuka. Walizunguka Biashara Street nzima siku moja ya mvua. Kwa vile mabega yake na ya mzee yalilingana, Wesonga ndiye aliyelijaribu, na Waceke alimgeuza huku na huku mbele ya kioo kama mama anayempeleka mtoto shule, akavuta kola, akafunga vifungo vyote hadi cha juu. Muuzaji aliwauliza ni la harusi? Wesonga akajibu, ni la kuombea harusi. Waceke alitaka kumbusu pale pale dukani, na mpaka leo alijuta kwamba hakufanya hivyo.

"Wakija nitaitoa," alisema. "Nitawaambia ukweli wote."

"Unajua maana yake? Kudanganya kwenye kesi ya ugaidi si kama kudanganya chifu juu ya mpaka wa shamba. Babako atalala nilipolala mimi."

"Najua."

"Ana presha."

"Najua, Wesonga. Si nimekwambia najua?"

Alisema kwa sauti ya juu, na mwanamke aliyekuwa akipita na mtoto akageuka. Waceke akashusha sauti. Akamwuliza kama hawezi kuondoka tu, apande basi la Busia leo, avuke mpaka aingie Uganda, yeye atamfuata. Wesonga alisema amelifikiria hilo kila usiku. Lakini akivuka mpaka basi ni yeye aliyelipeleka lile begi, mpaka mwisho wa dunia, na mama yake Bungoma ndiye atakayeulizwa. Sammy naye atakuwa ameuawa na mtu aliyechimba kaburi lake. Hawezi.

"Basi nitaitoa," Waceke alirudia. "Niangalie. Nitaitoa."

Wesonga alimwangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini kwa mara ya kwanza siku hiyo kulikuwa na kitu ndani yake, kama mtu aliyeona taa mbali. Waceke aliiona ile taa, akajua ni yeye aliyeiwasha.

Walipoagana alimfunga vifungo vya sweta mpaka juu, wala hakuogopa nani anaangalia. Wesonga aliondoka akielekea kituoni kuripoti, hatua zake nyepesi kidogo. Aligeuka mara moja pale kwenye lango la bustani, akainua mkono.

* * *

Waithaka kulikuwa na ukungu mwembamba wa mchana na harufu ya moshi wa kuni. Mahali tangi liliposimama palibaki duara la saruji, bado bichi kwa yale maji yaliyomwagwa. Mama alikuwa jikoni anachambua maharagwe, na Mama Sammy alikuwa ameketi karibu naye kwenye kigoda, hachambui chochote. Tangu amzike mwanawe alikuwa akija kila siku kukaa tu. Hakuna aliyemuuliza. Alikaribishwa chai, akanywa au akaiacha ikapoa, kisha giza likianza kuingia alienda kwake.

Siku ya mahari alikuwa safarini, hakumwona bwana harusi wala gari lake. Alimsalimia Waceke, akamwambia amekonda, akamwuliza harusi imefika wapi. Mama akadondosha maharagwe. Waceke akasema iko, wanapanga.

Baba alikuwa nje nyuma ya zizi tupu. Waceke alimfuata huko akiwa ameandaa maneno yake yote. Alitegemea ugomvi. Ugomvi angeuweza, maana walikuwa wamegombana sana mwaka uliotangulia, kuhusu kabila, kuhusu mtu wa kuajiriwa, kuhusu wajukuu watakaozikwa mbali. Mpaka siku lile gari lilipoingia na mzee akalainika, alikuwa ameshajifunza kusimama mbele ya sauti yake kubwa.

Akamwambia kwamba polisi wanakuja na Wesonga, na kwamba yeye atasema ukweli. Akamwambia anayo picha.

Mzee hakupaza sauti. Alikaa juu ya jiwe, akaonekana mfupi.

"Aliipiga nani?"

"Sammy."

Alifumba macho.

"Unamwona yule mama jikoni," alisema baadaye. "Nilimwambia kaburini kwamba Mungu atawalipa waliomfanyia mwanawe hivyo. Nikasema kwa nguvu, watu wote wakaitikia. Sasa nimwambie gari lao lilisimama hapa uani kwangu, tukila na kunywa? Nimwambie nililiwekea mkono, na mwanawe ndiye aliyenipiga picha nikicheka?"

"Wesonga hana hatia, Baba."

"Sijasema anayo."

Waceke alimgeukia. Alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

"Kwa hivyo unajua."

"Mimi si mjinga. Mtu aliyekuja kushika sepetu vile hawezi." Mzee alimshika mkono. Mikono yake ilitetemeka. Waceke alikuwa na jina la bibi yake, mama wa mzee, na alipokuwa mdogo baba alimwita maitu, mama yangu, kama watu wa kwao wanavyowaita mabinti waliorithi jina hilo. Alikuwa ameacha kumwita hivyo tangu alipoanza kazi mjini. "Maitu," alisema sasa. "Nisaidie. Nimeshasema sijui. Siwezi kurudi nyuma nikasema najua. Wataniuliza kwa nini nilificha, na sina jibu ila woga. Nisaidie, maitu."

Mzee hakuwa amewahi kumwomba kitu maishani. Aliamuru, alinunua, alikataza. Waceke alivuta mkono wake, akaingia ndani, akakaa kitandani na simu kifuani, na alilia bila sauti ili wanawake wa jikoni wasisikie. Kila alipojaribu kuona uso wa Wesonga aliona mikono ya babake ikitetemeka.

Gari la polisi lilifika kwa wakati walioahidi. Halikuwa na alama yoyote, lilikuwa gari la kawaida jeupe, aina ambayo mtaani inajulikana ni ya polisi wa kesi nzito, na ndiyo maana wapangaji wa jirani walitoka wote kutazama. Ofisa Kaindi aliteremka kwanza, mtu mrefu mwenye sauti ya chini na adabu nyingi. Aliuliza hali ya mzee. Alipongeza migomba. Baba alikuwa ameshatoka kuwapokea langoni, amejifunika vizuri kwa baridi, na alijibu kila salamu.

Kisha wakamteremsha Wesonga.

Hakufungwa pingu. Alisimama kati ya vijana wawili, na jambo la kwanza alilofanya ni kumtafuta Waceke kwa macho. Akampata kwenye ngazi ya mlango. Ile taa bado ilikuwamo.

"Mzee," Kaindi alisema, "huyu kijana anasema Januari alileta mahari hapa kwako, na gari ya ubalozi. Unamjua?"

Nyuma ya Waceke, mlango wa jikoni ulilia. Mama Sammy alikuwa ametoka kuona kuna nini, shuka begani.

Baba aliangalia chini. Halafu akainua kichwa, akamtazama Wesonga usoni, kitu ambacho Waceke hakutegemea.

"Simjui," alisema.

Kaindi hakuandika chochote. Aligeuka tu kwa upole ule ule, akaangalia kwenye ngazi.

"Na wewe dada yangu? Anasema mnaoana. Unamjua huyu?"

Simu ilikuwa mkononi mwake. Picha ilikuwa wazi, mwanga wake ulimpiga kidoleni. Kilichobaki ni kunyoosha mkono tu. Waceke alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, fupi, neno ambalo hata mtoto analisema. Aliona shuka la Mama Sammy pembeni ya jicho lake. Aliona mgongo wa babake, jinsi ulivyojikaza kungoja kipigo. Hewa iliingia na haikutoka na kitu.

Wesonga alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayesoma jambo polepole ili asikosee. Waceke aliona ile taa ikizimika. Haikuzimwa na mwingine. Wesonga aliizima mwenyewe.

"Afande," Wesonga alisema, "samahani. Nimekosea nyumba."

Kaindi alimgeukia. "Umekosea?"

"Zinafanana hizi. Si hapa." Akainamisha kichwa kwa Waceke, kwa heshima ya mtu na mtu wasiojuana. "Pole kwa usumbufu, dada."

Kaindi aliuliza, basi ni nyumba gani, twende. Wesonga akajibu kwamba hakumbuki. Ofisa alimwangalia, kisha akapumua kwa pua. Akasema kwamba kama hakumbuki basi wamemaliza, na anaelewa kwamba wamemaliza. Bondi yake itafutwa leo. Wesonga akasema anaelewa. Kijana mmoja akatoa pingu.

Walipokuwa wakimfunga, macho yake yalirudi kwa mzee Njuguna. Yalishuka kutoka usoni hadi mabegani, yakakaa hapo. Na Waceke naye, kwa kufuata macho yake, akaona kile ambacho alikuwa amekiangalia mchana kutwa bila kukiona.

Tangi lilikuwa limeenda. Mbuzi walikuwa wameenda, na mablanketi, na picha. Lakini mwezi wa saba ni baridi, na mzee alikuwa amelizoea tangu Januari, akalivaa asubuhi bila kufikiri, kama mtu anavyovaa kilicho chake. Koti la kahawia, zito, vifungo vyote vimefungwa hadi cha juu.

Siku zote Wesonga alikuwa akimwita Baba.

"Koti limekukaa vizuri, mzee," alisema.

Kaindi akalichukulia kuwa neno la adabu, akaguna. Wakamwingiza Wesonga nyuma ya gari, wakamwinamisha kichwa asigonge. Hakugeuka. Gari lilirudi nyuma mpaka barabarani, likaelekea Naivasha Road, na wapangaji wakaanza kurudi ndani mmoja mmoja.

Mama Sammy aliuliza yule alikuwa nani. Akasema anaonekana kijana mzuri, anafanana na mmoja aliyechimba kaburi la mwanawe.

Waceke alibaki kwenye ngazi, simu mkononi, kioo kikiwa kimezimika chenyewe. Baba alisimama langoni. Vidole vyake vilikuwa vimepanda hadi kwenye kifungo cha juu, vikakishika, vikakaa hapo muda mrefu. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka tena, mweupe na mzito.

Kisha akafunga lango, akaweka komeo, akasema kwa sauti ambayo Waceke hakuitambua kwamba waingie ndani, nje kuna baridi.

Koti hakulivua.